Kichwa, Kiuno na Nyuzi Kumi

Mtu anayepiga gitaa la stili la pedali hana kiungo kinachopumzika. Chombo kimelazwa juu ya miguu minne mbele yake, nyuzi kumi zikitazama dari. Mkono wa kushoto umeshika kipande kizito cha chuma laini na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzigandamiza. Mkono wa kulia, gumba na vidole viwili vikiwa vimevishwa vikucha, unaamua uzi upi ulie na upi uzimwe. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali tatu ambazo kila moja huvuta nyuzi fulani na kuzipandisha. Magoti mawili yanasukuma nyenzo zilizoning'inia chini, huku kulia, huku kushoto. Mguu wa kulia una pedali yake peke yake, ile inayofungua na kufunga ukubwa wa sauti. Sasa mtazame usoni: midomo imefungwa. Mabingwa wengi wa chombo hiki tunaijua mikono yao na hatuzijui sauti zao. Wamesimama, au tuseme wameketi, nyuma ya waimbaji wakubwa wa Marekani, wakalia kwa nyuzi, na mwimbaji ndiye aliyeimba.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba kazi ni nyingi mno. Jibu hilo halinitoshi. Mpiga ngoma naye hutumia mikono na miguu yote, na wapiga ngoma wanaoimba wapo tele. Mama anayetwanga huinua mchi kwa mwili mzima huku akiimba, na wimbo ndio unaomsaidia kuuinua. Wingi wa viungo peke yake haufungi mdomo. Kuna kitu kingine ndani ya stili kinachogombana na koo, na mimi, mtu wa kwaya wa Milanzi, nimekitafuta kwa muda mrefu kwa sababu nalipenda gitaa hili kuliko chombo kingine chochote nilichowahi kukisikia.

Nililisikia kwanza redioni, kama wengi wa rika langu huku. Uwanda wa Ufipa umeinuka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai Sumbawanga hukaa ndani mapema, jiko la mkaa likiwa limeingizwa sebuleni na redio ikiwa imewashwa. Nyimbo za mwimbaji wa Marekani Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege Julai 1964, hazijaacha kupigwa Tanzania, hasa zile za dini na za Krismasi. Don Williams, Mmarekani mwenzake, naye alipendwa Afrika kiasi kwamba mwaka 1997 alifika Harare kutumbuiza, na hakuna aliyeshangaa kwamba watu walizijua nyimbo zake kwa moyo. Katika santuri zake za miaka ya 1970 stili ilipigwa na Lloyd Green. Msikilize Green kwa makini utagundua adabu moja: Williams anapoimba, stili inakaa kimya au inanong'ona, Williams akivuta pumzi, stili inaingia kwenye nafasi hiyo hiyo ya pumzi, inasema lake, inatoka. Ni watu wawili wanaopokezana neno moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mtu mmoja. Nilidhani Don Williams anaimba, halafu analia, halafu anaimba tena.

Kosa la mtoto, ila sikio la mtoto lilisikia jambo la kweli: stili ni koo. Gitaa la kawaida lina freti, vile vyuma vilivyopandwa shingoni. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, sauti inatoka pale alipoipanga fundi aliyetengeneza gitaa. Hata ukiwa unafikiria ng'ombe waliopotea, noti itakuwa sahihi. Kinanda vivyo hivyo. Stili haina freti inayofanya kazi. Mistari iliyochorwa shingoni ni ya kuelekeza macho tu. Chuma kikisogea kwa upana wa ukucha, sauti imeshachepuka. Kwa hiyo mpigaji hutafuta kila noti kwa sikio wakati ule ule anapoipiga, kama vile mwimbaji anavyoitafuta kila noti kwa sikio wakati ule ule anapoitoa. Mtu anayeimba huku akipiga gitaa la kawaida ana koo moja na chombo kimoja. Anayeimba huku akipiga stili ana makoo mawili, na sikio la kuyachunga yote mawili ni lile lile moja.

Hapo ndipo penye ugumu wote.

Chombo hiki kina historia fupi, na inafaa kuijua. Joseph Kekuku, kijana wa Oahu katika visiwa vya Hawaii, ndiye anayetajwa zaidi kuwa alianza, mwishoni mwa miaka ya 1880, kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa lililolazwa mapajani. Alihamia Marekani bara mwaka 1904 na baadaye akazunguka Ulaya akilipiga. Kwa miongo kadhaa gitaa hilo lilikuwa na upungufu mmoja: chuma ni mstari ulionyooka, kwa hiyo nyuzi zote zilipanda na kushuka pamoja, sawasawa, bila kuachana. Mafundi wakafikiria pedali. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly" ulitoka, na ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikiendelea kulia. Wasikilizaji walisikia uzi mmoja umesimama na mwingine unapanda taratibu kuufuata. Wapigaji wengi wa stili nchini Marekani walianza kutafuta pedali baada ya wimbo huo.

Watu wa kwaya wataelewa nikisema kwa solfa. Piga nyuzi tatu zenye do, mi na so. Kanyaga pedali mbili za kwanza kwa pamoja. Do haitikisiki. Mi inapanda nusu hatua inakuwa fa. So inapanda hatua nzima inakuwa la. Sasa una do, fa, la. Inua mguu, na kila sauti inarudi mahali pake: fa inashuka kwenye mi, la inashuka kwenye so, do imebaki pale pale. Umeisikia wapi? Ndiyo "Amina" ya mwisho wa tenzi za kanisani. Gitaa lililokulia katika kumbi za dansi za Nashville na Texas linabeba Amina chini ya mguu wa kushoto, na kila mpigaji anapoachia pedali anaitamka bila kukusudia. Nilipolitambua hilo nilielewa kwa nini nyimbo za mapenzi ya watu wa mbali zilinifanya nijisikie niko parokiani.

Sasa nirudi nyumbani, maana nadhani jibu la swali langu liko huku.

Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Katika masimulizi ya Wafipa ni zaidi ya kata: ndiko nchi ilikoanzia. Ntatakwa, wa kwanza katika watawala wa Milanzi, alishuka kutoka juu. Baada ya vizazi, mtawala mmoja alikwenda kuwinda na kumwachia mkewe onyo: wageni wakija, usiwape kigoda. Wageni wakaja, wanawake watatu waliotoka mbali, wenye haiba na ujasiri. Mke akaogopa, akakitoa kigoda. Mume aliporudi alikuta mgeni amekikalia. Hakukuwa na vita. Wakapatana: wanawake wale na uzao wao, ukoo wa Twa, wachukue nchi na kazi ya kuitawala, Milanzi ibaki na mlima wa Itwelele na ardhi kidogo kuuzunguka, pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza. Ukoo wa Twa baadaye uligawanyika katika dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zikapigana kama dola zinavyopigana. Milanzi ilibaki Milanzi.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 kwamba Wafipa waliufikiria mpangilio huu kwa mfano wa mwili. Milanzi ni kichwa: ukubwa, akili, neno la kwanza. Twa ni kiuno: nguvu, uzazi, mwendo, kile kinachotoka chini na kinachotoka nje. Kichwa kina heshima bila nguvu. Kiuno kina nguvu na kinakiri kwamba hakikuwa cha kwanza. Nchi inakaa sawa kwa sababu kila kimoja kinajua mpaka wake.

Masimulizi haya huchukuliwa kama habari ya utawala, na ni habari ya utawala kweli. Mimi yananifundisha pia kuhusu mtu aliyeketi na chombo huku anataka kuimba. Wengi tunapojaribu tunafanya makosa ya aina moja: tunataka kichwa kitawale nchi nzima. Tunaangalia mkono wa kushoto, tunafikiria mguu, tunakumbuka maneno, tunasikiliza sauti, na yote hayo yanapita mlango mmoja mwembamba. Kichwa hakiwezi. Mtu anayeimba huku akipiga hagawi akili vipande viwili, kama inavyosemwa mara nyingi. Anakabidhi. Anawapa mikono, miguu na kiuno nchi yote ya mapigo na mwendo, kisha yeye anabaki na mlima wake mdogo: neno, na pumzi ya kulisema. Na kukabidhi huko lazima kuwe kwa amani, bila kurudi kila dakika kuchungulia kama mgeni amekaa vizuri kwenye kigoda.

Ili kuona kwamba hayo si maneno matupu, mtazame Gasper Nali wa Nkhata Bay, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, Malawi. Anapiga babatoni, gitaa refu la uzi mmoja alilolitengeneza mwenyewe, lenye urefu wa mita tatu hivi. Huketi chini. Mkono mmoja unapiga uzi kwa kijiti; mwingine unatelezesha chupa tupu ya bia juu ya uzi, na kwa chupa hiyo ndipo noti zinapopatikana. Mguu unapiga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Na anaimba, tena kwa sauti kubwa yenye furaha, akitazama mbele. Mamilioni wamemwona kwenye simu zao. Kwangu mimi huyu ndiye jamaa wa karibu kabisa wa mpiga stili tuliye naye upande huu wa dunia: kitu kigumu kinachoteleza juu ya uzi usio na freti, mguu unaofanya kazi yake, na koo huru. Wapo watakaosema uzi mmoja ni rahisi. Uzi mmoja ni mchache, sikubali kwamba ni rahisi; chupa ikichepuka kidogo kila mtu anasikia, maana hakuna uzi wa pili wa kuificha. Siri ya Nali ninavyomsikia ni kwamba babatoni yake inazunguka. Inasema jambo fupi, inalirudia, inalirudia tena, na kiuno chake kimelimiliki jambo hilo kiasi kwamba kichwa hakina la kuongeza. Ndipo wimbo unapata mahali pa kukanyaga.

Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, alikwenda mbali zaidi ya hapo. Vidole gumba vyake vilikuwa kwenye ilimba, ile marimba ya mkono ya Wagogo, njuga miguuni, na sauti yake ikapaa kutoka kifuani hadi kwenye wembamba wa ajabu, ikiwa haijali kabisa mzunguko wa vidole unaanzia wapi na unaishia wapi. Ilimba inarudi mwanzo. Sauti bado iko katikati ya sentensi. Njuga zinahesabu, sauti haihesabu. Anayetaka kujua maana ya kukabidhi asikilize hapo. Kuna jambo la pili kuhusu Wagogo linalowaunganisha na wapiga stili, ingawa hawajawahi kukaa chumba kimoja. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti zile nyembamba zilizomo ndani ya sauti nene ya uzi au ya koo, zile zinazosikika uzi ukiguswa kidogo tu katikati au kwenye theluthi yake. Wapiga stili nao huzifuata sauti hizo wanapoweka sawa nyuzi zao: huacha vipimo vya kinanda kidogo, wakasikiliza mpaka nyuzi tatu zikilia pamoja zitulie, zisigombane. Wote wawili, Mgogo wa Dodoma na mpigaji wa Nashville, wanaliamini sikio kuliko kipimo.

Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, alikuwa na ngoma ndefu ya msondo ameifunga kiunoni, imesimama kati ya miguu yake, akipiga na kuimba nyimbo za unyago. Hapo kiuno si mfano tena.

Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, akaimba Kiswahili cha Katanga juu ya mtandao wa noti unaodanganya sikio kwamba wapigaji ni wawili. Mbaraka Mwinshehe alichukua njia nyingine. Aliimba na alipiga solo, ila kwa kawaida solo ilisubiri sauti imalize, kisha ikachukua mada ile ile na kuipeleka ambako maneno hayafiki. Ni ile adabu ya Lloyd Green na Don Williams, safari hii ndani ya mtu mmoja. Bendi yake, Morogoro Jazz, ilipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, Wajapani wasiojua neno la Kiswahili walikuwa na nusu ya pili ya kila sentensi ya kusikiliza.

Kwa hiyo njia ni mbili. Kuimba juu ya chombo, kama Nali na Zawose. Au kupokezana nacho, kama Mbaraka. Wenyewe wapiga stili walioimba wamezijaribu zote, na mmoja alipata ya tatu.

Willie Eason, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1921, alikulia katika kanisa la House of God, ambalo tangu miaka ya 1930 lilikumbatia gitaa la stili mahali ambapo makanisa mengine yaliweka kinanda. Gitaa lake halikuwa na pedali, lilikuwa lile la kulaza mapajani lenye umeme. Eason alipiga mitaani na makanisani, na mtindo wake ulikuwa huu: anaimba mwanzo wa mstari, anaacha, na uzi mmoja unamalizia maneno yaliyobaki, ukipanda na kushuka vile vile koo lingepanda na kushuka. Waumini waliyasikia maneno ambayo hayakusemwa. Kwa anayejua Kifipa jambo hili si geni sana. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu, kina toni. Sauti ikipanda au kushuka mahali pasipo pake, neno limeharibika. Chombo kinachoweza kuteleza kati ya noti kinaweza kubeba toni za maneno, kitu ambacho kinanda hakiwezi. Nigeria walilitambua hilo mapema. King Sunny Adé aliiingiza stili ya pedali katika muziki wa juju, akampa Demola Adepoju aipige, na mwaka 1982 albamu "Juju Music" ikaisambaza duniani. Stili ile inakaa pembeni ya ngoma zinazosema Kiyoruba, nayo haionekani mgeni. Ninapoisikia najiuliza ingekuwaje kama ingefika Ufipa mapema vile, ikakutana na waimbaji wetu wa harusi.

Njia ya tatu ni ya Pete Drake. Alichukua mrija, akapeleka sauti ya gitaa kupitia mrija huo hadi ndani ya kinywa chake, akayaunda maneno kwa ulimi na midomo bila kutoa sauti ya koo hata kidogo. Gitaa likasema. Wimbo wake "Forever" ulivuma mwaka 1964. Nimeutazama uso wake katika filamu za zamani, mrija umekaa pembeni ya mdomo, macho yametulia. Unapendeza. Lakini moyo wangu hauendi huko, maana pale kichwa kimetoa hata mlima. Kigoda kimechukuliwa, na neno limechukuliwa pia. Maneno yapo, pumzi ya mwenye maneno haipo. Sitaki kuimba hivyo.

Nina gitaa la kawaida la nyuzi sita. Nimeziinua nyuzi zake kwa kijiti kilichowekwa mwanzoni mwa shingo, nalilaza mapajani na kutelezesha spana ya plagi ya pikipiki, ambayo ni nzito na laini ya kutosha. Pedali sina, Amina yangu naitafuta kwa kuhama mahali. Kwa chombo hiki cha kuazima umbo nimejifunza mambo mawili matatu ambayo nayaamini.

La kwanza ni kwamba mtego mkubwa kuliko yote ni kuimba noti ile ile unayoipiga mkono. Inaonekana ni rahisi, kumbe ndipo makoo mawili yanapogongana. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana kabisa, sikio husikia mtikisiko unaopanda na kushuka. Zikizidi kukaribiana mtikisiko unapungua kasi, zikikutana unatoweka. Koo na uzi vikiimba noti moja, mtikisiko huo unatokea kila mara, na huwezi kujua nani kachepuka, wewe au spana. Ukivuta koo kufuata uzi, na uzi nao ukivutwa kufuata koo, vyote viwili vinahama pamoja kama ng'ombe wawili walioachwa bila mchungaji. Dawa ni kuimba sauti nyingine. Mkono ushike soprano, wewe imba sauti ya tena. Watu wa kwaya tuna bahati hapa: tumezoea kusikia mwenzetu akiimba chake nasi tukashika chetu.

La pili linahusu kazi inayotangulia. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, na waliendelea hadi ndani ya karne ya ishirini. Tanuru kubwa halikuwa na mtu wa kuvuta mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija iliyozungushwa chini, na moto ukafanya kazi yake. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia. Jasho lote la lile kubwa lilimwagika kabla ya moto kuwashwa, katika kujenga, kupanga na kujaza. Mkono unaotaka kumpigia mwimbaji lazima ujengwe namna hiyo. Kipimo changu ni hiki: mtu akipiga hodi nami nikaweza kumkaribisha, kumuuliza habari za nyumbani, za watoto na za shamba, akanijibu yote, bila spana kusita, basi hapo nina ruhusa ya kuanza kuimba. Kabla ya hapo ninazoea mkono tu, na sijidanganyi kwamba naimba.

La tatu ni pumzi. Nimeangalia sana mguu wa kulia wa wapiga stili, ule wa pedali ya sauti. Uzi ukishapigwa huanza kufa mara moja. Mguu unakanyaga taratibu kuuongezea nguvu kadiri unavyokufa, na hivyo noti inadumu kuliko uzi wenyewe ulivyoweza. Ndio mguu unaopumua kwa niaba ya chombo. Mtu akianza kuimba, anakuwa na mapafu mawili, la kifuani na la mguuni, na hamu ya mwili ni kuyajaza yote kwa wakati mmoja: sauti inakua, mguu nao unakandamiza, na matokeo ni kelele. Anayeweza kuimba na stili ni yule ambaye kifua kikijaa mguu wake unaachia, na kifua kikiisha mguu unachukua. Mwenye mwili huo hahitaji kufikiria kupokezana. Kunatokea chini, mahali ambapo kichwa kilishakubali kutoingilia.

Yote haya nayaandika nikiwa nawafikiria watu fulani niwapendao. Katika kwaya zetu za Sumbawanga, na nyingine nilizozisikia Nkasi na Kalambo, mpiga kinanda huketi pembeni, mgongo nusu umegeukia waimbaji, na haimbi. Mara nyingi ndiye anayezijua sauti zote nne kuliko yeyote, kwa kuwa amezipiga zote kwa vidole vyake kila jioni ya mazoezi. Jumapili inafika, kwaya inafungua midomo, yeye anafunga wake. Tumefanya iwe desturi kwamba mwenye chombo hana wimbo. Wengine wameacha kabisa kujua sauti zao zinafananaje, na mmoja aliniambia kwamba anapojaribu kuimba nyumbani anasikia aibu kama mtu anayesema lugha ya watu wengine. Inaniuma sana, maana nina hakika ndani ya wale walionyamaza kuna makoo ambayo Ufipa haijawahi kuyasikia.

Nawaomba walimu wa kwaya wamsogeze mpiga kinanda karibu na kipaza sauti. Kinanda kina noti zake zilizokwisha kupangwa, kwa hiyo yeye ana koo moja tu la kuchunga, nusu ya mzigo wa mpiga stili. Asianze na wimbo mzima. Aanze na Amina: vidole vishike do, fa na la, vishuke kwenye mi na so, naye ashike do kwa koo lake mwenyewe, besi au tena, popote inapomkalia, aishike mpaka vidole viwe vimeinuka na yeye bado anaimba.